Pale Kazi ya Mama Inapogeuka Mali

Mteja anayesitasita kwenye banda la kuku Dar es Salaam au Dodoma huambiwa neno moja la kumaliza ubishi: hawa ni wa Singida. Jina hilo linauza. Kuku wenyewe hutoka vijiji vya Iramba, Mkalama, Ikungi na Singida Vijijini, hununuliwa nyumba kwa nyumba na wachuuzi wenye matenga nyuma ya pikipiki, kisha hupakiwa kwenye magari makubwa na kusafirishwa mijini. Katika kaya nyingi mwenye kuku ni mama. Yeye ndiye anayejua tetea gani anaatamia nyuma ya ghala, ni vifaranga wangapi wamechukuliwa na mwewe, na kideri kilipita lini mara ya mwisho. Mchuuzi naye analijua hilo, ndiyo maana hodi yake huelekea jikoni.

Sasa fedha ya kuku inunue mbuzi. Mbuzi wazae, wauzwe, anunuliwe mtamba. Mwaka wa tatu mtu akiuliza mtamba yule ni wa nani, jibu huja haraka: wa baba. Hapo hakuna aliyeiba wala aliyenyang'anywa. Mali imebadilika umbo tu, na katika kubadilika ikapata mwenyewe mpya.

Jambo hili lina historia ndefu Unyaturu, nchi ya Wanyaturu wa Singida. Mwanaanthropolojia Mmarekani Harold Schneider, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu uchumi wa Wanyaturu, alieleza jinsi nafaka ya ziada ilivyokuwa inageuzwa kuwa mifugo. Mtama na uwele vilitoka shambani, ambako jembe la mke ndilo lililofanya kazi kubwa. Ng'ombe waliopatikana waliingia zizini, na zizi lilikuwa la mume. Zaidi ya miaka hamsini imepita. Alizeti na vitunguu vimeshika nafasi ya uwele kama zao la fedha, bodaboda na bati vimeshika sehemu ya nafasi ya ng'ombe, lakini njia ile ya mzunguko haijafutika.

Ndiyo maana ushauri wa kazi kwa mwanamke wa Singida ukianza na kuishia kwenye "tafuta mtaji, jiunge na kikundi" unaacha nusu ya habari. Wanawake wa mkoa huu hawana shida ya kujituma. Panapostahili kuangaliwa kwa makini ni pale jasho linapogeuka kitu kingine: gunia linapogeuka noti, mkopo unapogeuka pikipiki, mshahara unapogeuka kiwanja. Mwanamke asiyekuwepo siku hiyo, au aliyekuwepo lakini jina lake halikuandikwa, hujikuta amefanya kazi miaka kumi na hana cha kuonyesha.

Tuanze na alizeti, kwa kuwa ndiyo imeubeba mkoa. Juni 2021 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuja Singida kuhimiza kilimo cha zao hili, na mkoa ukawekwa pamoja na Dodoma na Simiyu kuwa mstari wa mbele katika kuipunguzia nchi mafuta ya kula yanayotoka nje. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo kosa la msimu mmoja ni kosa la mwaka mzima. Mama hupanda, hupalilia, hukata vichwa, huvipiga kwa fimbo na kupepeta. Mnunuzi akifika na mizani yake, au bila mizani, anayeitwa kuzungumza bei ni baba.

Mazungumzo ya nani atauza nini na fedha itafanya nini hayafai kusubiri siku hiyo. Siku ya mnunuzi kila mtu ana deni lake kichwani, na sauti kubwa ndiyo hushinda. Wakati wake ni Oktoba, shamba likiwa bado vumbi, watu wametulia. Na yawe ya kitu kinachoshikika, si ya haki kwa ujumla:

"Baba watoto, kile kipande cha kule bondeni mwaka huu nikilime mimi, na nikiuze mimi. Kitatoa sare za watoto na hisa zangu za kikundi."

"Sawa, mama nanii. Ila mtama wa chakula tusiuguse."

Makubaliano ya namna hiyo hayaombi mapinduzi ndani ya nyumba. Yana mpaka unaoonekana, yana kazi ya fedha iliyotajwa, na baba naye ameweka sharti lake. Mume anayeambiwa Juni kwamba fedha ya alizeti igawanywe nusu kwa nusu ataona anavamiwa. Yule yule akiombwa Oktoba kipande kimoja chenye sababu, mara nyingi hukubali.

Liko pia suala la umbo la kuuzia. Alizeti ikiuzwa kwa gunia hutoka yote siku moja, na noti zote huingia mfuko mmoja. Ikipelekwa mashineni ikakamuliwa, inarudi nyumbani ikiwa kwenye madumu, na mafuta ya madumu huuzwa kidogo kidogo, chupa kwa chupa, na mtu aliyeko nyumbani. Huyo ni mama. Wengine husema kuuza kwa rejareja ni kujichosha, na kweli kunachosha. Lakini fedha ndogo inayoingia kila wiki mkononi mwa anayepika hufuata njia tofauti na fedha kubwa inayoingia mara moja kwa mwaka. Kabla ya kukamua, aulize mapema mashudu yanabaki kwa nani, maana ziko mashine ambazo huyahesabu kuwa sehemu ya malipo yao, na mashudu ni chakula cha mifugo chenye soko lake. Madumu yakae mahali pa kivuli, yafungwe vizuri. Misimu ya karibuni imeonyesha bei haitabiriki. Mwaka 2023 wakulima walilalamika sana ilipoporomoka, na waliokuwa na mafuta ndani angalau walikuwa na kitu cha kuuza taratibu huku wakisubiri.

Kwa vitunguu, habari ni tofauti kidogo, kwa sababu havingoji. Soko la Misuna mjini Singida linapokea vitunguu vya mkoa na kuvisafirisha hadi nje ya nchi, na wanawake wamejaa pale: wanachambua, wanakata mikia, wanapanga madaraja, wanapika chai na uji wa wapakiaji. Mkulima mwanamke anayeleta mzigo wake ajihadhari na lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu kana kwamba linakwenda harusini. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo. Peke yake mama hawezi kumkatalia dalali. Wakiwa watano wenye mzigo wa siku moja, dalali huona mizani.

Kwa dengu, choroko, mbaazi na ufuta, mfumo wa stakabadhi ghalani umeingia, na hapa jina ndilo kila kitu. Mzigo unapokelewa kupitia chama cha msingi, unauzwa kwa mnada, fedha inaingia kwenye akaunti ya aliyeandikishwa. Aliyeandikishwa ni nani? Katika nyumba nyingi ni baba, kwa kuwa siku ya kujiandikisha ilisemekana waende wakuu wa kaya. Hakuna sheria ya ushirika inayomzuia mke mwenye umri wa miaka 18 au zaidi kuwa mwanachama kwa jina lake. Akiwa na kipande chake cha dengu, ajiandikishe mwenyewe, na akaunti iwe yake. Ni kazi ya asubuhi moja kwenye ofisi ya chama, ikifanywa kabla ya msimu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kuhamisha ardhi. Hati ya haki miliki ya kimila inaweza kubeba majina mawili. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu lazima wawe wanawake. Wilaya ya Ikungi inao mfano wa karibu: mradi wa UN Women na UNFPA, uliofadhiliwa na KOICA ya Korea Kusini na kutekelezwa pia Msalala mkoani Shinyanga, uliunganisha kilimo cha alizeti na mbogamboga na upatikanaji wa hati kwa wanawake. Waliouandaa waliona jambo ambalo wataalamu wengi wa kilimo hulisahau, kwamba mbegu bora kwenye shamba lisilo lako humnufaisha mwenye shamba.

Siku wapimaji wanapofika kijijini, mke awe mpakani. Asibaki nyumbani kuwapikia. Majina yanaandikwa palepale shambani, mbele ya majirani, na karani huandika jina analotajiwa. Katika ndoa ya wake wengi, ambayo Singida si kitu cha kushangaza, kila mke ahakikishe kipande anacholima kimeandikwa kivyake. Baba akishafariki bila hilo, watoto wa nyumba kubwa na wa nyumba ndogo hukutana barazani wakiwa na kumbukumbu zinazopingana.

Hata kazi za ndani zisizo na mshahara zina uzito mbele ya sheria, na kesi iliyolithibitisha hilo inafaa ijulikane na kila mwanandoa. Ni kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Mahakama ilisema kazi za nyumbani za mke, kupika, kulea na kutunza nyumba, ni mchango katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa, kwa tafsiri ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Tangu hapo kanuni hiyo imewasaidia wanawake wengi. Sehemu isiyosimuliwa sana ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo. Mumewe alikuwa amempa fedha za kufanyia biashara, mahakama ikaona amezitapanya, na kwa hiyo ikahesabu kwamba sehemu yake amekwisha kuichukua. Alishinda hoja, akakosa mali.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mwanamke anayefanya biashara akiwa ndani ya ndoa ana sababu ya ziada ya kuwasikiliza. Daftari la shule linatosha: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, na kilichokwenda nyumbani. Safu hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiruka. Mama akinunua unga, akalipa ada, akampeleka mtoto hospitali kwa fedha ya genge lake, asipoandika, baada ya miaka mitano ataulizwa fedha ya genge ilikwenda wapi na atabaki kusema "tulikula."

Mikopo inahitaji jicho kali zaidi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi, ukarejea mwaka uliofuata. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na kikundi kiwe hai kabla ya kuomba, chenye katiba, akaunti na shughuli inayoonekana. Kikundi kilichoundwa wiki ya kuomba mkopo hujulikana mara tu wanachama wakiulizwa kila mmoja kwa wakati wake wanafanya nini.

Upande wa pili wapo wakopeshaji wanaoitwa kausha damu. Fomu yao ni fupi, fedha inatoka siku hiyo hiyo, na marejesho ni ya kila wiki au kila siku. Anayekopesha bila leseni hana mkubwa wa kumuuliza, na aliyekopa hana pa kulalamikia. Kabla ya kuweka dole gumba, mama aombe kuona leseni ya Benki Kuu, na apige hesabu ya jumla atakayorudisha, si ya marejesho ya wiki.

Hesabu inayovunja nyumba kuliko zote ni hii: mke anakopa kwenye kikundi kwa jina lake, fedha inanunua pikipiki, kadi ya pikipiki inaandikwa jina la mume. Pikipiki ikileta fedha, ni ya baba. Ikipata ajali au ikiibwa, deni ni la mama, na wanakikundi ndio watakaokuja kubeba godoro na masufuria mbele ya watoto. Wanandoa wengi huingia humo kwa mapenzi kabisa, bila hila yoyote. Dawa yake ni nyepesi: aliyebeba deni, jina lake liwe kwenye kadi hadi deni liishe. Mume anayeona hilo ni kumdharau ajiulize kama angekubali kinyume chake.

Wenye ajira ya mshahara, walimu wa shule binafsi, wauguzi, wahudumu wa nyumba za wageni, wafanyakazi wa viwanda vya mafuta, wana sheria mkononi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 kwa anayejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Taarifa ya maandishi pamoja na cheti cha daktari vifike kwa mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya siku ya kutarajia. Nakala yenye mhuri wa kupokelewa ibaki nyumbani. Akirudi kazini, mama anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Baba naye ana siku 3 za likizo yenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, na ni jambo la kusikitisha kuona wanaume wengi hawaziombi kabisa, kana kwamba kumsaidia mzazi ni kazi ya mama mkwe peke yake. Anayechangia NSSF akague michango yake mapema, kwani fao la uzazi hudai angalau michango ya miezi 36. Kufukuzwa kwa sababu ya mimba ni kinyume cha sheria, na lalamiko la kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi hupoteza haki kwa kuzitumia siku hizo kumbembeleza meneja.

Watumishi wa umma wana mtihani wao: mke mwalimu Mkalama, mume polisi Kigoma. Uhamisho wa kumfuata mwenza upo na huombwa kupitia mfumo wa utumishi, cheti cha ndoa kikiambatishwa. Ndoa ya kimila isiyosajiliwa humkwamisha mwombaji hapo, hivyo wasajili.

Na watoto je? Kila kazi ya mama nje ya nyumba inalipwa na saa za mtu mwingine. Mama lishe anayewasha moto saa kumi alfajiri stendi ya Misuna ameacha mtoto wa miaka miwili kwa nani? Mara nyingi ni kwa binti wa darasa la sita, na mwalimu wa darasa ndiye wa kwanza kuona matokeo: anachelewa, anasinzia, mwisho haji. Faida ya genge inayolipwa kwa masomo ya binti si faida. Bibi akiwepo, alipwe. Si lazima iwe fedha taslimu. Sukari, sabuni na kitenge cha mwisho wa mwezi, vikitajwa waziwazi kuwa ni malipo ya kulea, vinamwondolea bibi kinyongo na mama deni la fadhila lisilokwisha. Wanawake wa soko moja wanaweza pia kumwajiri mlezi mmoja, lakini kituo cha kulelea watoto mchana kinatakiwa kusajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye wa kuwaelekeza kuhusu vyumba, vyoo na idadi ya watoto.

Kipato cha mke wakati mwingine huleta maneno vilabuni, kwamba fulani amekaliwa. Mume mwenye busara huyajibu kwa kuonekana akimsindikiza mkewe sokoni. Ikiwa maneno yamegeuka kipigo au kunyang'anywa fedha, hapo si suala la ushauri wa ndoa tena. Dawati la Jinsia na Watoto liko vituo vikubwa vya polisi, na mwenyekiti wa mtaa asimrudishe mtu nyumbani kwa kisingizio cha kusuluhisha.

Lipo kundi la mwisho, ambalo Singida inalijua vizuri kuliko inavyopenda kukiri: mabinti wa kazi. Dalali hufika kijijini mwezi wa njaa, Januari au Februari, akiahidi kazi Dar es Salaam. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilitaja kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida na 120,000 kwa asiyeishi hapo. Amri hurekebishwa, kwa hiyo kiwango cha sasa kiulizwe ofisi ya kazi. Mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa. Binti mtu mzima aondoke na laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa, na mshahara uingie humo. Ukipitia kwa dalali au kwa baba, ni yale yale ya mtamba, na akirudi baada ya miaka minne hukuta nyumba ya bati asiyokuwa na chumba ndani yake. Akitaka kuwasaidia wazazi, atume mwenyewe, kiasi anachokijua.

Safari za Oman na Falme za Kiarabu zinahitaji tahadhari mara mbili. Kwa ripoti yake ya 2017, Human Rights Watch iliwahoji Watanzania waliofanya kazi za ndani huko, na wengi walisimulia kunyang'anywa hati ya kusafiria, kufanya kazi saa nyingi bila mapumziko na kulipwa pungufu ya walichoahidiwa. Wapo pia waliorudi na mitaji, na si haki kuwasahau. Anayetaka kwenda apitie wakala mwenye leseni anayetambuliwa na Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, asome mkataba kwa Kiswahili kabla ya kusaini, na aandike namba ya ubalozi mahali pasipo kwenye simu, kwa kuwa simu ndiyo hunyang'anywa kwanza. Nakala moja ya mkataba na ya hati ya kusafiria ibaki kwa mama yake, nyingine kwa mtendaji wa kijiji.